Nilitafuta kitabu cha kuku, nikauziwa jimbo zima la Marekani

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayoniuliza kwanza: shilingi 150, na muuzaji alianza na 250. Ni kitabu cha mtumba, jalada gumu, kimevalishwa ile nailoni inayong'aa ya vitabu vya maktaba za ng'ambo. Nilikinunua Mwembe Tayari, hapa Mombasa, kwa kijana anayetandaza vitabu vyake chini juu ya turubai, wale wa inama uchague. Sikuwa na haja nacho. Nilikuwa natafuta kitabu cha ufugaji wa kuku.

Nafuga kuku uani kwangu, Mishomoroni. Banda ni la mabati na waya, na kwa leo wako 64, wengi wao wale wekundu wa Rhode Island. Nilianza nao miaka mitatu iliyopita, baada ya ugonjwa wa kideri kunifagilia wa kienyeji wote kwa wiki moja. Kienyeji wangu walikuwa wakitaga wakipenda. Hawa wekundu wanataga kana kwamba wameajiriwa. Basi nilipoona juu ya turubai kitabu kimeandikwa RHODE ISLAND kwa herufi kubwa, na pembeni mwa jalada jogoo mwekundu amesimama kifua mbele, nikainama haraka kabla mwingine hajakiona.

"Hiki ni cha kuku, mwanangu?"

"Cha kuku, mama. Si huyo jogoo wamuona?"

"Na hizi mashua je?"

"Ah, mamangu, si ni kuku wa pwani."

Nikalipa. Nimepanda matatu, tumekwama darajani Nyali kama kawaida, nikatoa miwani nikafungua. Ukurasa wa kwanza ramani. Wa pili bendera yenye nanga na neno moja la Kiingereza, maana yake "Tumaini". Wa tatu, Mzungu mwenye kofia pana anashuka kwenye mtumbwi, na wenyeji wa Marekani wamesimama ufukweni wakimngojea. Kuku hakuna. Nikafunua hadi mwisho, nikamkuta ukurasa wa 71, nusu ukurasa, chini yake picha ya kombe la baharini.

Kwa hiyo kama kitabu cha kuku, sikipi hata alama moja. Lakini nimekisoma mara mbili tangu siku ile, mara ya pili pamoja na mjukuu wangu aliye gredi ya saba, na kila lililonitia shaka nimelitafuta kwenye simu. Naona nina haki ya kukisifu kidogo na kukisema zaidi.

Ni kile kitabu ambacho Wamarekani huwaandikia watoto wa shule kuhusu jimbo moja: historia, watu mashuhuri, ndege wa jimbo, ua la jimbo, kinywaji cha jimbo. Ndiyo, kinywaji kipo, kimetajwa kwa sheria ya 1993: maziwa baridi yaliyotiwa sharubati ya kahawa. Mjukuu aliniuliza, "Nyanya, hiyo ndiyo kahawa?" Nikamwambia ampelekee yule mzee wa kahawa tungu anayepita jioni na dele lake, amsikilize atasemaje.

Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini kwa miaka 22. Majina ya majimbo ya Marekani nayajua kwa makaratasi. Delaware nilichoka nayo, maana makampuni mengi ya kwao husajiliwa huko hata kama hayana duka wala ghala pale. Rhode Island sikumbuki kuiona kwenye hati hata moja. Kwangu lilikuwa jina la kuku tu, kama vile mtu adhani Kashmiri ni chilli.

Na kwa udogo wake, si ajabu. Ndilo jimbo dogo kuliko yote 50. Kutoka juu hadi chini ni kama kilomita 77, na kwa upana kama 60, yaani umetoka Mombasa umefika Kilifi, ukizidi kidogo umeingia jimbo la watu wengine. Kaunti ya Kwale ingelimeza mara mbili na nafasi ikabaki. Watu wake, kwa sensa yao ya 2020, ni 1,097,379. Sisi Mombasa peke yetu, kwa sensa ya 2019, tulikuwa 1,208,333. Nilipomsomea mjukuu hesabu hiyo alicheka hadi akakohoa: jimbo zima, lenye maseneta wake wawili kule Washington sawasawa na California, halitufikii sisi wa kisiwani na Kisauni na Likoni na Changamwe.

Jambo jingine lililonifurahisha ni kwamba jina lao lina mkanganyo kama wetu. Rhode Island hasa ni kisiwa, ambacho wenyeji walikiita Aquidneck, na mji wake mkuu ni Newport. Lakini sehemu kubwa ya jimbo iko bara, na makao makuu, Providence, yako bara pia. Mtu akisema "naenda Mombasa" hali anakaa Bamburi, yule wa Rhode Island atamwelewa. Ghuba ya Narragansett imeingia ndani ikalikata jimbo kama Tudor na Kilindini zinavyotukata sisi.

Jina kamili lilikuwa refu kuliko nchi yenyewe: "Jimbo la Rhode Island na Mashamba ya Providence". Kitabu changu kinajivunia kwamba jimbo dogo kuliko yote lina jina refu kuliko yote. Hapo ndipo unajua kitabu ni cha zamani, kwa sababu Novemba 2020 wapiga kura waliikata hiyo nusu ya pili. Neno hilo la "mashamba" kwa Kiingereza cha kale lilimaanisha makazi mapya tu, lakini masikioni mwa mtu mweusi wa Marekani shamba la namna hiyo lina harufu yake. Ndani ya jalada la nyuma kuna kimfuko cha kadi ya maktaba, na muhuri wa mwisho wa kuazimwa ni wa 1998. Kwa hiyo simlaumu mwandishi kwa hilo. Nawaonya tu ninyi wenye watoto, msije mkawatuma na jina la zamani kwenye kazi ya shule.

Sura nzuri kuliko zote ni ya yule mwenye kofia pana. Anaitwa Roger Williams, mhubiri. Alifukuzwa Massachusetts kwa kusema kwamba serikali haina kazi ya kumlazimisha mtu dini, na kwamba ardhi ni ya wenyeji, mfalme wa Uingereza hana cha kugawa. Akatoka usiku wa baridi kali mwanzoni mwa 1636, akahifadhiwa na wenyeji, akapewa ardhi na wakuu wa Wanarragansett wawili, Canonicus na Miantonomi, akaanzisha Providence. Na alikuwa amejifunza lugha yao kikwelikweli, hata 1643 akachapisha kitabu kuihusu. Baada yake wakaja wengine waliofukuzwa: Anne Hutchinson, mama aliyethubutu kufundisha dini sebuleni kwake, halafu Wakweka, Wakristo wa dhehebu jingine, halafu Wayahudi, ambao sinagogi lao la 1763 lingali limesimama Newport. Hati yao ya mfalme ya 1663 iliandika uhuru wa dini waziwazi. Kwa sisi tuliokulia mjini ambapo adhana, kengele ya kanisa na ya hekalu zote zasikika kwenye kibaraza kimoja, twaweza kudhani ni jambo dogo. Mwaka ule halikuwa dogo.

Kitu ambacho kitabu kinakisimulia vizuri, na hapa nampa mwandishi heko, ni kaburi lake. Mwaka 1860 walitaka kumhamisha wamzike kwa heshima. Wakachimba. Mifupa hawakuikuta, walikuta mzizi wa mtufaa. Mzizi ulishuka pale panapokaa kichwa, ukafuata mgongo, ukagawanyika mapajani, ukapinda magotini na kujikunja tena miguuni. Picha ipo, mzizi umewekwa ndani ya kitu kama jeneza, na mpaka leo unahifadhiwa Providence. Mjukuu aligoma kula tufaha siku mbili.

Sasa sura ya viwanda, ambayo ilinigusa kwa sababu sikuitarajia. Marehemu nyanya yangu alikuwa na neno "marekani". Kwake halikuwa nchi, lilikuwa kitambaa: ile pamba nzito isiyosafishwa rangi, ya kushonea mifuko ya godoro na foronya. "Nitolee marekani sandukuni." Kilifika pwani hii kwa majahazi ya kutoka Unguja, na Unguja kilifika kwa meli za kutoka pande hizi hizi za kaskazini mashariki ya Marekani. Haki isemwe, nyingi zilikuwa za Salem, Massachusetts, majirani wa Rhode Island. Lakini mashine za pamba za Marekani zilianzia wapi? Pawtucket, Rhode Island, kando ya mto.

Kijana wa Kiingereza, Samuel Slater, alijifunza kazi kwenye viwanda vya Uingereza wakati ambapo ilikuwa marufuku kutoka na michoro ya mashine. Akaiweka kichwani. Mwaka 1789 akapanda meli kwa siri, mwaka uliofuata akawa amezisimamisha mashine za kusokota nyuzi kwa nguvu ya maji, za kwanza kufanikiwa katika nchi ile. Waingereza walimwita msaliti. Wafanyakazi wake wa kwanza walikuwa watoto wa miaka 7 hadi 12, na kitabu kinalisema hilo kwa sauti ya kawaida tu, kama kinachohesabu vitanda hotelini.

Aliyempa fedha ni Moses Brown. Hapo kitabu kinapita mbio, na hapo ndipo nilipoanza kukasirika.

Kuna mchoro. Pembetatu yenye mishale mitatu: Rhode Island kwenda Afrika ya Magharibi, chupa ya ramu, ile pombe ya miwa. Afrika kwenda visiwa vya Karibi, hakuna picha, neno "watumwa" kwa herufi ndogo kuliko zile za "ramu". Karibi kurudi Rhode Island, pipa la molasi la kutengenezea ramu nyingine. Sentensi mbili, kisha ukurasa unaofuata ni tanga na mashindano ya mashua. Niliusogeza kwenye taa nikadhani kurasa mbili zimegandana.

Hazikugandana. Wafanyabiashara wa jimbo hilo dogo ndio waliokuwa mbele ya wote katika makoloni yale kwa kutuma meli za kununua watu Afrika. Ndugu wanne wa ukoo wa Brown walituma moja, Sally, mwaka 1764. Ilichukua watu 196, na 109 kati yao wakafa. Moses alikuja kugeuka, akawa Mkweka, akawaachia huru watumwa wake 1773, akapambana na biashara hiyo maisha yake yote. Ndugu yake John hakugeuka. Akawa Mmarekani wa kwanza kushtakiwa chini ya sheria ya 1794 iliyokataza meli za Marekani kwenda kuchukua watumwa, akanyang'anywa meli yake. Meli iliitwa Hope, neno lile lile la kwenye bendera. Na pamba iliyosokotwa na mashine za Moses, mpinga utumwa, ililimwa na nani? Chuo kikuu chenye jina la ukoo huo, kilichoanzishwa 1764, kilichapisha ripoti ndefu juu ya haya yote mwaka 2006, kwa hiyo leo si siri. Ila kitabu hiki kinasomwa na watoto, na mimi kila siku napita Kengeleni, mahali ilipo kengele ya Frere Town, walikowekwa watumwa walioachwa huru miaka ya 1870. Sentensi mbili hazinitoshi.

Wala hakimtaji Newport Gardner. Huyu nilimpata mwenyewe kwenye simu. Mwafrika, aliuzwa Newport akiwa kijana, akajifunza muziki hadi akawa mwalimu na mtunzi, akashinda bahati nasibu na wenzake 1791, akapata uhuru wake na wa watu wake. Mwaka 1826, mzee, akapanda meli kurudi Afrika, Liberia, na akafia huko punde si punde. Jina lake la Kiafrika, Occramar Marycoo, alilihifadhi miaka yote hiyo. Ningetoa shilingi mia nyingine kwa ukurasa mmoja wa mtu huyu.

Watu mashuhuri waliomo humo ni wengi, na zaidi ya nusu ni wanajeshi. Ndugu wawili wa ukoo wa Perry: Oliver aliyeshinda vita vya majini katika Ziwa Erie 1813, na Matthew aliyepeleka meli za kivita Japani 1853 ili wafungue milango ya biashara, wakafungua. Nathanael Greene, jenerali wa vita vya uhuru. Ambrose Burnside, aliyekuwa gavana na seneta wa jimbo, ambaye vita vilimshinda lakini ndevu zake za mashavuni, zilizoungana na masharubu na kidevu kikaachwa kitupu, zilimpa heshima: Waingereza na Wamarekani waliligeuza jina lake wakalifanya jina la ndevu hizo. Kinyozi wangu wa mtaani, yaani wa mjukuu, alipoiona picha akasema hiyo staili hainyoi hata kwa kulipwa mara mbili.

Niliyempenda ni Gilbert Stuart. Alizaliwa 1755 katika nyumba yenye kinu cha ugoro chini. Huyu ndiye aliyechora ule uso wa George Washington ulio kwenye noti ya dola moja. Ujanja wake: ile picha ya asili, ya 1796, hakuimaliza makusudi, ili asiitoe, akabaki nayo akinakili moja baada ya moja na kuuza. Makumi ya nakala. Miaka yote niliyohesabu dola kaunta, kumbe naangalia picha ya mtu ambaye mchoraji wake hakumaliza kazi. Na pamoja na werevu huo alikufa na madeni.

Wasanii weusi hawamo. Edward Bannister, mchoraji wa Providence, alishinda tuzo ya kwanza kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia 1876. Waamuzi walipogundua ni mweusi walitaka kulifikiria upya, wachoraji wenzake wakakataa. Sissieretta Jones, mwimbaji aliyekulia Providence, aliimba mbele ya marais na akafa maskini mjini humo 1933. Viola Davis simdai mwandishi, kitabu kilimtangulia: amekulia Central Falls, mji wa kilomita za mraba tatu na kidogo, katika umaskini wa kweli, na kufikia 2023 alikuwa na tuzo za Oscar, Emmy, Tony na Grammy, zote nne. Mjukuu anamjua kwa sinema. Hakujua anatoka "kwa kuku wetu".

Haya, kuku. Nusu ukurasa, lakini nusu yenye maana. Mwishoni mwa karne ya 19, wakulima wa upande wa Little Compton walichanganya kuku wao na majogoo ya Asia walioletwa na mabaharia, mmojawapo mwekundu wa Malaya. Wakachagua, wakachagua tena, hadi rangi ikakaa. Chama cha wafugaji wa Marekani kikamtambua 1904. Kijijini Adamsville akajengewa mnara mwaka 1925, mnara wa kuku, bwana wee, na 1954 akapigiwa kura akawa ndege wa jimbo. Picha ni ya jogoo aliyesimama upande, upanga umesimama wima, manyoya ya mwilini mekundu ya kuiva karibu na weusi, mkia una kijani cha kung'aa kama mbawa za nzi.

Nilitoka nacho uani nikamlinganisha na jogoo wangu. Wangu ni mwekundu wa matofali, na ukimwangalia miguu ina vimanyoya viwili vitatu ambavyo yule wa kitabuni hana. Kwa maneno mengine, aliyeniuzia vifaranga aliniuzia mchanganyiko kwa bei ya wenyewe. Hilo peke yake limenirudishia ile 150, maana safari ijayo nitakwenda na kitabu mkononi.

Kwa ubora: mshono umeshika, kurasa 12 na 13 zina doa la maji, ramani ya kukunjua imechanika pale pale kwenye daraja la Newport, nimeiunga kwa selotepu. Kiingereza chake ni chepesi, mtoto wa gredi ya sita anaweza. Tatu kwa tano.

Kwa muuzaji nampa nne, kwa sababu ana huduma ambayo wengi hawaijui: ukimrudishia kitabu kikiwa kizima, unaongeza hamsini unachukua kingine. Nendeni asubuhi, mchana jua linampiga na anafunika turubai, na Ijumaa hayupo mpaka baada ya swala. Nilimwendea juma lililopita nikamwambia alinidanganya. Hakubisha hata kidogo. Akapekua chini ya rundo la Biolojia akanitolea kingine cha aina ile ile, cha New Hampshire.

"Na hiki, mama, si pia ni kuku?"

Kwa bahati mbaya, hapo alisema kweli, New Hampshire ni kuku aliyezaliwa na huyu huyu wangu mwekundu. Nilikifunua kumtafuta kuku kabla ya kutoa pesa. Ndege wao wa jimbo ni mwingine, mdogo, wa zambarau. Nikamwachia hamsini anishikie mpaka mwisho wa mwezi.